Gari la msosi Nyabiyonza: nilimwona akijiwekea nywele kwenye sahani

Wakuu, habari za kutwa. Hili sijasimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na hadi naandika bado nina hasira.

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kipo Murongo mpakani. Wiki iliyopita nilimpeleka abiria wangu wa siku zote, mfanyabiashara mmoja, hadi Nyabiyonza. Njiani akasema anaenda kuliona "hilo gari la chakula".

Food truck, wakuu! Kwenye migomba huku! Nikajua ananitania.

Kweli tukalikuta. Kapikapu kadogo, kirikuu ya bluu, nyuma imezibwa bati, ina kadirisha ka kuuzia, imepaki karibu na wanapokusanyia kahawa. Mwenyewe ni mama mmoja, wanamwita Mama Koku. Anapika ndizi kwa maharage. Wazee walioleta kahawa tangu alfajiri wamekaa juu ya magunia, wanakula kitu cha moto.

Nikala. Aisee, zile ndizi zinayeyuka mdomoni.

Sasa abiria wangu, amekaa pembeni yangu kabisa, akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati. Akatoa unywele mrefu, wa rasta. Akaufukia kwenye sahani yake.

Nikadhani nimeona vibaya. Mara kasimama.

"Njooni muone! Mnalishwa nywele!"

Watu wakaacha kula. Mzee mmoja akatema chini.

"Waitu, jamani, hiyo siyo yangu," mama akasema.

"Ya nani sasa? Si unapika peke yako?"

Mimi kimya. Niliogopa kumpoteza abiria, huo ndio ukweli.

Mama akashuka kwenye gari, akavua kitambaa mbele ya wanaume wote. Kichwa upara mtupu! Kumbe alifiwa na mume juzi juzi, akanyolewa msibani. Akawa anageuka huku na huku ili kila mtu amwone, machozi yanamtoka.

Hapo nikashindwa.

"Kautoa mfukoni! Nimemwona!"

Jamaa akanigeukia. "Wewe! Mimi ndiye nimekuleta hapa!"

"Nimekuleta mimi," nikamjibu, "na kurudi utatembea."

Baadaye nikaambiwa dada yake ana hoteli pale senta. Yaani badala ya kumwambia dada apike vizuri, unaenda kumdhalilisha mjane! Roho gani hii?

Wengi walirudi kwenye sahani zao. Wengine waliondoka.

Nikamfuata mama. "Shikamoo mama. Nisamehe."

"Uliona tangu mwanzo?"

"Ndiyo."

Alikuwa anafunga kitambaa chake taratibu. "Ungesema mapema, mwanangu, nisingevua."

Wakuu, yule jamaa ni mshenzi, sibishi. Ila hilo neno la mama lilinihusu mimi, siyo yeye. Nimejifunza: ukiona, sema pale pale.

Nyie mngekuwa mimi mngefanyaje? Hata mkinitukana poa tu. Ila mkipita Nyabiyonza, simameni mle pale.