Msusi Anayewagawia Majirani Maneno Magumu

Asubuhi, mtaa bado unapiga miayo, na mkia wa kitana cha Vidole tayari unachora mistari kichwani mwa mteja wa kwanza. Jina hilo msusi huyu alipewa kwa wepesi wa mikono yake. Kibanda chake cha mabati kina kiti kimoja, kioo kimoja na benchi la wanaosubiri zamu. Macho yake yapo kwenye nywele, mdomo unanong'ona: "Reluctant. Reluctant. Fundi viatu."

Mteja anacheka. Fundi viatu mwenyewe yuko ng'ambo ya barabara, anapigilia soli, jicho lake la kushoto likichuruzika machozi kama kawaida.

"Akisikia je?"

"Asikie tu. Neno ni lake."

Hii ndiyo shule ya Vidole. Kila neno gumu la Kiingereza hulitafutia mtu wa mtaani anayefanana nalo. Fundi viatu amepewa "reluctant", yaani mwenye kusitasita, kwa sababu kila akihimizwa apeleke jicho hospitali hujibu, "Wiki ijayo." Mama mkwe wa Vidole, anayechambua mchele mara tatu na bado hauamini, ni "meticulous", yaani makini kupindukia. Muuza mikate, ambaye mdomo wake haujui likizo, ni "garrulous".

Vidole, mama wa watoto wawili, anawania kazi ya ukalimani katika hospitali iliyo nyuma ya mtaa. Madaktari wengi pale ni wageni wanaozungumza Kiingereza, wagonjwa wanazungumza Kiswahili, na katikati hakuna daraja. Kazi hiyo ina mshahara wa kila mwezi. Kusuka kunalipa siku vichwa vinapopatikana. Usaili ni Jumatatu. Mwaka jana aliangushwa.

"Nilikariri kamusi kama kasuku," anasimulia, akichovya vidole kwenye mafuta. "Msaili akanitajia neno hilohilo, reluctant. Nikamtiririshia maana yake kwa Kiingereza, nikajiona malkia. Akasema, 'Vizuri. Sasa mwambie mgonjwa.' Ulimi ukagoma! Kamusi nzima kichwani, sina hata kijiko cha Kiswahili cha kumpa mgonjwa."

Alirudi nyumbani analia. Mama mkwe hakumbembeleza. "Mkwe wangu, ulimeza bila kutafuna," alimwambia. "Utashibaje?"

Tangu siku hiyo kila neno hupimwa jikoni kwa mama huyo. Asipolielewa kwa Kiswahili, Vidole hurudi nalo kibandani.

Mtaa haukupokea zawadi hizi kimyakimya. Muuza mikate alikuja mikono kiunoni.

"Nasikia umenipa jina la kizungu!"

"Si jina, shoga. Ni neno. Maana yake mtu anayesema mfululizo, hata kwa jambo dogo."

Akafikiri. "Hilo tu? Niongeze lingine. Moja halinitoshi."

Leo ni zamu ya fundi viatu. Anavuka barabara, kiatu mkononi.

"Shemeji, sema mbele yangu. Neno langu maana yake nini?"

Vidole anashusha kitana. "Mtu anayejua pa kwenda, lakini kila siku anaiomba miguu yake ruhusa."

Benchi zima linaangua kicheko. Yeye hacheki. Anafuta jicho kwa mgongo wa kiganja.

"Nilishakwenda mara moja," anasema. "Daktari akasema, mimi nikaitikia kwa kichwa. Nikatoka sijui nimeambiwa nitapona au nitapofuka. Nirudi nikatikise kichwa tena?"

Kicheko kinakatika.

"Na nikikaa mimi katikati yenu?" Vidole anauliza.

"Ukikaa wewe, mgonjwa wako wa kwanza ni mimi."

"Shahidi nipo," anadakia muuza mikate kutoka mlangoni, "na mnajua sinyamazi!"

Fundi viatu anarudi kwenye nyundo yake. Vidole anamsindikiza kwa macho, kisha anazishika tena nywele, amejifunga kibwebwe.

"Jumatatu napita," anasema. "Wakiniambia nimwambie mgonjwa, sitapekua kurasa kichwani. Nitamwona huyu hapa na jicho lake, nitamwambia yeye."

Anafunga ncha ya msuko, anaivuta kidogo kuona kama imeshika.

"Kisha itabidi neno lake nimpe mtu mwingine. Siku atakayoingia hospitali, yeye halitamfaa tena."