Siku Tulipozuia Maziko ya Hospitali

Ukimwambia mtu wa leo kwamba hospitali yetu iliokolewa na msiba wa uongo, atadhani umechanganyikiwa. Lakini nilikuwapo, na mimba ya miezi minane, nimejipenyeza hadi mstari wa mbele kwa ubishi wangu tu.

Hospitali yenyewe, upande wetu wa Temeke, ilikuwa vyumba vinne vya bati. Kimoja kilikuwa cha wazazi: vitanda viwili na mkunga mmoja mkali kama pilipili. Serikali ya Mwingereza ilitaka kuifunga, tutibiwe mjini, kwenye hospitali kubwa yenye madaktari. Wakubwa waliona wametufanyia hisani. Mimi niliona kaburi. Kabla chumba kile hakijafunguliwa, nilibebwa kwa machela kwenda huko mjini, wabebaji wanazama mchangani. Nilijifungulia njiani, Keko, na mtoto hakulia. Sasa nilikuwa na mwingine tumboni, nami nilimtaka mzima.

Siku ya baraza uwanja ulifurika. Bwana Shauri, yule ofisa wa Kiingereza wa wilaya, alikaa mezani, liwali kuliani kwake, na wazee watatu wa halmashauri kushotoni. Walikuja kutangaza, si kuuliza. Kabla Bwana Shauri hajafungua mdomo, tukasikia vilio nyuma ya hospitali.

Wakatokea wanaume wanne wamebeba machela, juu yake mtu kafunikwa shuka gubigubi. Wakaitua mbele ya meza. Bwana Shauri akasimama, akavua kofia. Sisi wanawake tulikuwa tunabana vicheko ndani ya kanga, maana nyayo zile zilizotokeza tulizijua vizuri. Zilikuwa za mfagiaji wa hospitali, Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo.

Kwetu, mtani ana ruhusa yake msibani. Atamwigiza marehemu, atalala kwenye jeneza, atazuia maziko mpaka aridhishwe, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Liwali alilijua hilo. Bwana Shauri hakulijua.

"Amekufa na nini?" akauliza kwa upole.

"Na njia, bwana," maiti akajibu chini ya shuka. "Nimefia Keko."

Bwana Shauri aliruka hatua nzima nyuma. Uwanja ulilipuka kwa kicheko, mpaka mimi nikashika mbavu. Maiti akaketi, akajifuta uso.

"Shikamoo, Liwali. Mie ndo hospitali yenu. Nimeuawa huko mjini, kwenye karatasi. Sasa sizikwi hivihivi! Nyie wakubwa nibebeni wenyewe mpaka mjini. Mkifika hamjachoka, nizikeni."

Liwali alikuwa anacheka mpaka machozi. "Ni utani, bwana," akamweleza mwenzake. "Ndiyo desturi ya msiba hapa. Ukikasirika, umeshindwa."

Bwana Shauri alikuwa mwekundu masikio yote mawili. Akatutazama. "Lakini kuna mtu amefia Keko kweli?"

Kicheko kikakatika. Sikufikiri, hasira ndiyo iliyonisimamisha.

"Mwanangu," nikasema. "Na huyu je, nikamwache palepale?" Nikajishika tumbo.

"Na wangu," mwanamke mwingine akasema nyuma yangu. Kisha mwingine. Kisha sauti ya bibi mmoja ambaye sikujua kamwe kwamba naye alizikia kule.

Bwana Shauri, sijui ni aibu au ni ubishi kama wangu, akavua koti akashika mpini mmoja wa machela. Wazee wale wangefanyaje? Wakashika iliyobaki. Basi ilikuwa shangwe! Vigelegele, ngoma sijui ilitoka wapi, na mfagiaji juu ya machela anaugua uchungu wa uzazi kwa sauti yote, "Mkunga! Niitieni mkunga, nakufa!" Niliambiwa nibaki. Nikajifunga mkaja kulishika tumbo, nikafuata polepole.

Hapo Chang'ombe mzee mmoja akakaa chini mchangani, akakataa kuinuka. Shati la Bwana Shauri lilikuwa limelowa chapa.

"Bado kiasi gani?" akauliza.

"Hata Keko hatujafika, bwana," liwali akamjibu.

Wakashauriana palepale njiani, hawana meza wala kiti. Liwali ndiye aliyetutangazia: hospitali haifungwi, na chumba cha wazazi kitaongezewa kitanda. Nililia na kucheka kwa pamoja, kamasi zinanitoka, sikujali nani ananiona.

Uchungu ulinishika asubuhi moja nikifagia uani. Nilikwenda kwa miguu yangu. Mkunga alinigombeza kwa kuchelewa, akanigombeza kwa kupiga kelele, na kabla ya adhuhuri mwanangu alitoka akalia, akalia mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakalalamika.

"Mnyonyeshe, anyamaze," mkunga akaniamuru.

"Mwache kwanza," nikamwambia. "Mwache alie."