Niliwakataza Wenzangu Chanjo, na Wangu Amechanjwa

Admin, ukiposti hii ficha kila kitu, hata picha yangu ya profaili. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa, naishi karibu na Laare. Nauza majani ya migomba, yale ya kufungia miraa. Nina mtoto mmoja wa kike wa miaka mitatu. Naandika haraka haraka, makosa mtanisamehe.

Kwanza mjue kwamba hapa kwetu naitwa Nesi. Mimi si nesi. Kabla sijaolewa nilikuwa nadeki sakafu kwenye zahanati fulani, nikivaa koti la bluu, na jina likanishika. Sikulikataa. Mtoto wa mtu akishikwa na joto naletewa, namgusa paji la uso, nasema "mpe maji mengi", na watu wanaenda wameridhika. Siwafichi, nililipenda hilo jina. Mtu aliyeachia shule kidato cha pili akisikilizwa na wamama wazima, anaweza kujisahau.

Mwaka huu serikali ikatangaza kampeni ya chanjo ya surua. Wiki hiyo nilikuwa nimeona video kwenye simu, mwanaume amevaa koti jeupe akisema chanjo hiyo inaharibu kizazi cha wasichana. Simjui ni nani wala ni wa nchi gani. Nikarekodi sauti kwa Kimeru nikaituma kwenye grupu letu la wauza majani. Nikasema, "Mimi nimefanya kazi hospitali, haya mambo nayajua. Msikubali. Na hata mkipeleka mtoto akiwa mgonjwa, watamdunga hiyo hiyo kwa siri." Hayo ya mwisho hayakuwa hata kwenye video. Niliyaongeza mwenyewe kwa sababu utamu ulikuwa umenikolea.

Ile sauti ilitembea kuliko mimi. Baada ya siku tatu binamu yangu wa Nkubu alinirudishia bila kujua ni mimi, juu yake wameandika, "Msikilizeni daktari wetu." Wahudumu wa chanjo walipofika kijijini walikuta milango imefungwa, watoto wamepelekwa kujificha kwenye mashamba ya miraa. Chifu akauliza kwenye baraza huyo daktari ni nani. Wenzangu wa majani wakanyamaza kunilinda. Mimi nikainamisha kichwa, na ndani nilikuwa najiona shujaa.

Sasa kuna jambo ambalo mume wangu pekee ndiye analijua. Mtoto wetu alichanjwa surua, mara mbili, na ni mimi nilimpeleka kliniki akiwa mdogo. Siku ile ya kurekodi sikukumbuka kabisa. Nilikuja kufungua kitabu chake cha kliniki wiki iliyofuata nikitafuta kitu kingine, nikaona neno surua na tarehe zake. Ningesema siku hiyo, mambo yangeisha kwa kuchekwa tu. Badala yake nilikiweka chini ya godoro.

Jirani yangu, nitamwita Mama K, ana msichana wa miezi kumi na moja. Aliposhikwa na uchungu wa kuzaa ni mimi nilimfikisha hospitali nikimshika mkono, ndiyo maana mtoto akapewa jina langu. Kwetu huyo ni ntagu wangu, yaani wajina, na wajina wako ni damu yako hata kama hamna undugu. Jina lake siwezi kuliandika hapa kwa sababu ndilo langu.

Ntagu wangu ana surua. Alianza na homa na macho mekundu, sasa vipele vimemjaa mwili na anapumua haraka haraka, mbavu zikiingia ndani. Jana asubuhi nilimwambia mama yake ampeleke hospitali. Akanitazama.

"Nesi, si ni wewe ulisema watamdunga kwa siri?"

Nikamwambia mambo yamebadilika.

"Yamebadilika aje?"

Nikainama kumpangusa mtoto uso. Akanishika bega akasema pole pole, "Najua unamwogopea ntagu wako. Lakini mimi nilikuamini na sirudi nyuma. Si unaona wako? Hukumchanja na hana hata kikohozi."

Tangu hapo sijala. Najua hakuna maneno yatakayomtoa kwa ile nyumba isipokuwa nimwekee kile kitabu mkononi. Na nikimwekea, grupu lote litajua kabla ya saa sita, na chifu atajua. Wamama walioficha watoto wao watakuja kuniuliza mlangoni. Watoto wengine wawili upande wa juu wameanza kukohoa. Mume wangu anasema, "Nyamaza, surua huisha yenyewe, watu watatuchomea nyumba." Naogopa watu, naogopa polisi, lakini hofu kubwa kuliko zote ni ya yule mtoto.

Niko hapa sokoni na majani yangu, sijauza hata fungu moja. Wenye kutukana mtukane, nimestahili. Lakini mwenye hekima aniambie nianzie wapi, nimwambie kwa maneno gani. Nishaurini, nifanye nini?

Nilikuwa nimemaliza hapo. Sasa hivi Mama K ameniandikia: "Nesi, amekataa kunyonya tangu asubuhi na amelegea. Ni kawaida?" Ameona nimesoma. Bado anangoja.