Upepo Ambao Haukuvuma Bugendana

Kwa miaka michache sasa kazi yangu ni kuzunguka vilimani mwa Burundi na tableti, nikiuliza watu wamehama kutoka wapi. Tanzania nilikokulia wanaiita kishikwambi; ukilitamka neno hilo Gitega wanadhani umewatukana. Tunahesabu Warundi waliotolewa majumbani mwao na mvua, mafuriko au maporomoko ya udongo. Hesabu inapelekwa mjini, inageuka ramani yenye nukta nyekundu, na wenye magari makubwa wanaitazama ili wajue wapeleke wapi maturubai na sabuni.

Haya tulifundishwa siku tatu katika ukumbi wa hoteli, tukila kuku mchana, tusije tukaongea habari za wasio na chakula tukiwa na njaa. Kaya, tuliambiwa, ni watu wanaokula chungu kimoja. Aliyehama ni yule asiyeishi tena kwake. Na aliyerudi ni yule anayefanya shughuli zake za kila siku pale alipokaa zamani. Hiyo ya mwisho niliiandika kwenye daftari na kuipigia mstari mara mbili. Nilikuwa mwanafunzi hodari, na uhodari huo ndio ulioniponza.

Nilipangiwa kilima kimoja cha Bugendana, na kilima huku ni kama kijiji chenye mkuu wake. Upande wake mmoja ulikuwa umeteremka bondeni, migomba na nyumba zote pamoja. Mkuu wa kilima alinipokea mbele ya duka lake. Aliwahi kuuza samaki Uvira, upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Kabla sijafungua tableti aliniuliza, kwa upole wa mtu anayetaka kusaidia:

"Mwaka huu wanataka watu wengi ao kidogo?"

"Wanataka waliopo, mzee."

"Waliopo, sawa. Lakini wengi ao kidogo?"

Nilimweleza kuhusu ukweli wa taarifa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema safari iliyopita alitaja wengi, akaitwa ofisi ya komini, walio juu ya vilima vyote, aeleze kwa nini kilima chake kinaaibisha wengine. Safari ya kabla yake alitaja wachache, na maturubai yakapita mbele ya duka lake yakienda kwa jirani. Niliona nimekutana na mtu asiyeelewa kazi yetu.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mama mmoja mjane, wa miaka hamsini na kitu. Nyumba yake ilikuwa imeondoka asubuhi moja ya mvua akiwa ameenda kuchota maji na wajukuu wake wawili. Sasa walilala watatu katika jiko la nje la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, wakigawana nafasi na mbuzi. Tuliongea Kirundi. Changu kina lafudhi ya kambi ya wakimbizi kule Tanzania, naye alikicheka waziwazi, jambo ambalo halina sehemu yake kwenye fomu.

"Unahitaji nini kwanza?" nilimsomea. "Chakula, maji, malazi, au dawa?"

"Mlango," alisema.

"Mlango haumo, mama."

"Basi andika unachotaka, lakini kinachonisumbua ni mlango. Mbuzi anatoka."

Niliandika malazi. Niliweka alama, nikachukua nukta yake kwenye setilaiti, nikaondoka nikijisikia nimefanya jambo.

Miezi michache baadaye nilirudi kwa raundi ya pili. Jikoni sikumkuta. Shemeji yake aliniambia yuko kule kwake, kwenye mteremko. Nilishuka, nikamkuta analima maharage pembeni ya kipande cha ukuta kilichobaki, sufuria ya viazi ikichemka kwenye mafiga matatu.

"Unakuja huku kila siku?"

"Kila siku. Shamba liko huku. Nitakula nini nisipokuja?"

"Na unapika huku?"

"Mchana, ndiyo. Nipande kule juu kwa ajili ya viazi?"

Nilitazama tableti. Shughuli za kila siku, hapa. Chungu, hapa. Nukta ya setilaiti, hapa hasa, juu ya nyumba yake ya zamani. Daftari langu lilikuwa na ile mistari miwili. Nikabonyeza: amerudi. Tableti ilikubali bila kulalamika, nayo hulalamika hata ukikosea tarehe ya kuzaliwa ya kitoto kichanga. Swali la analala wapi lilikuwepo, lakini likifuata jibu la "amehama" tu. Ukishasema amerudi, fomu inakupongeza na kujifunga.

Sikuwa peke yangu katika uhodari huo. Kwenye mkutano wa Gitega ramani ilioneshwa ukutani na nukta za Bugendana zilikuwa zimepungua sana. Msimamizi wetu, kijana wa suti aliyeshika kalamu ya taa nyekundu, alizungusha taa juu ya kilima changu akasema tunaona maendeleo. Tulipiga makofi. Nami nilipiga, na kwa nguvu.

Raundi ya tatu, yule mama alikuwa ananisubiri njiani. Alikuwa amesikia kwa mkuu wa kilima kwamba maturubai yalishagawiwa kituoni Mutoyi, na jina lake halikuwemo kwa kuwa tableti ilisema ana kwake.

"Ni wewe uliyenirudisha nyumbani?"

Nilianza kueleza maana ya neno.

"Hapana, vizuri," alinikatiza. "Nashukuru. Sasa nioneshe hiyo nyumba."

Alinishika mkono akanishusha mteremko mzima, jua likiwaka, majirani wakiacha majembe kututazama. Tulipofika kwenye kile kipande cha ukuta, ambacho mvua ilikuwa imekipunguza tena, alikizunguka taratibu kama anayeingia ndani.

"Nimeingia," alisema. "Karibu. Kitanda kiko wapi?"

Majirani walicheka. Mimi nilisimama na tableti kifuani. Sijawahi kuwa na aibu ya namna ile, na nimewahi kuanguka kwenye matope mbele ya mkuu wa komini.

Jumamosi hiyo nilikwenda Muyinga kwa mama yangu. Ana duka dogo la vitenge karibu na soko, na tangu mipaka ya mikoa ilipochorwa upya husema kwamba yeye amehamishwa mkoa bila kutoka kwenye kiti chake, na hakuna aliyekuja kumhesabu. Nilimsimulia habari ya kilima nikitegemea pole.

"Hebu nieleweshe," alisema, akikunja kitenge. "Unamhesabu mtu. Halafu?"

"Napeleka mjini."

"Halafu?"

"Wanachora ramani."

"Na yule mama yuko kwa mbuzi." Aliweka kitenge juu ya vingine. "Sisi kambini walitutia wino kidoleni. Siku moja karani mmoja aliandika kwamba baba yako amekufa, na baba yako amesimama mbele yake. Tulikaa majuma mawili bila unga wake. Unajua karani alituambia nini? Alisema yeye anaandika tu."

Alivuta kitenge kingine akaanza kukikunja.

"Jumatatu nenda useme umekosea," alisema. "Na uvae vizuri, wasikuone umekwenda kulia."

Jumatatu nilikuwa Gitega, nimevaa vizuri. Msimamizi alinikaribisha, akanisikiliza, akavua miwani.

"Écoute, sikiliza, dada. Données, hizo takwimu za raundi ile, zilishafungwa. Mi siwezi kuzifungua."

"Lakini shefu, mama hana nyumba."

"Najua. Lakini namba ikipanda, watauliza sababu iko gani. We iko na sababu?"

"Sababu ni kwamba mimi nilikosea."

Alipitisha kidole kwenye orodha ya sababu za kuhama kwenye kompyuta yake, kwa uaminifu kabisa, mpaka chini.

"Hiyo haimo," alisema.

Kisha uso wake ukachangamka. "Bon. Si amerudi? Mtu aliyerudi anaweza kuhama tena. Mfanye ahame tena, voilà. Ila maporomoko usiweke, kompyuta itasema ni yuleyule mara mbili. Weka..." Akashusha kidole. "Upepo. Upepo hakuna mtu ametumia."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilimuuliza upepo mkali au wa kawaida. Akasema mkali.

Basi yule mama alihama mara ya pili, ofisini Gitega, kabla ya chakula cha mchana, na nukta yake ikarudi kwenye ramani ikiwa na rangi mpya ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Na lazima niseme mashine ilifanya kazi. Katika muda wa wiki sita aliitwa Mutoyi akapewa turubai, blanketi na sabuni. Pia alipewa miche mitano ya miti ya kukinga upepo, na nafasi katika mafunzo ya siku mbili kwa waathirika wa upepo. Yeye ndiye aliyekuwa mwathirika pekee; viti vingine vilijazwa na wakuu wa vilima.

Nilikuwepo, nyuma. Nilishamwambia yule mama yote kuhusu huo upepo, naye alisema kwamba turubai atalichukua. Mkufunzi, bwana mmoja mpole aliyetoka mbali, alimwomba awasimulie wenzake.

"Huo upepo, mama, ulitokea upande gani?"

Alifikiri.

"Upande wa Gitega," alisema.

Mkufunzi aliandika.

Nyumba alikuja kuipata kwa njia nyingine. Shemeji yake, aliyechoka kugawana jiko, alimkatia kipande cha ardhi kando ya barabara. Majirani waliocheka siku ile walimfyatulia matofali, na yeye mwenyewe alikanyaga udongo wake. Vyumba viwili. Mlango aliufuata kwa seremala wa kilima cha pili, wakaubeba kichwani, yeye mbele na mjukuu mkubwa nyuma. Turubai lilienda juu ya banda la mbuzi.

Nilipofika kwa raundi ya tano alikuwa anasonga ugali wa muhogo. Aliniambia nikae, nifanye kazi yangu.

"Sasa mimi ni nani humo?" aliuliza.

Nilimsomea machaguo: bado amehama, amerudi, au ameungana na jamii mpya. Alitaka kujua jamii mpya ni ipi. Nilimwonesha kwa mkono: shemeji, majirani, duka la mkuu wa kilima, watu ambao ameishi nao tangu alipoolewa.

"Wanaonekana watu wazuri," alisema. "Weka hiyo."

Nikaweka. Akanipakulia ugali na maharage, akanisukumia bakuli la maji ninawe, na tukala.