Kichana cha Babu

Jirani anaosha omena, vile visamaki vya ziwani, na harufu imeingia hadi jikoni kwangu. Nimefunga dirisha, lakini bado ninajikuna kichwa.

Kwa Dani, nyanya yangu, kule Kisegi, kaktasi moja ilisimama barazani ndani ya mkebe wa rangi. Ilinishinda urefu, na mwili wote ulifunikwa manyoya meupe kama ndevu. Babu aliileta kutoka milimani alikofanya kazi. Alipofariki, Dani akaanza kuiita Mzee. Ni mmea wa jangwani, hautaki maji mengi, lakini yeye aliumwagia maji ya kuoshea omena kila Ijumaa kabla ya Sabato.

"Samaki anampa mtu nguvu," alisema.

Kazi yangu ilikuwa kuyachana yale manyoya kwa kichana cha Babu. Uchafu mtupu! Yalikuwa yameshikana kwa utelezi, yamejaa magamba na mayai ya nzi.

Ijumaa moja kichana kilizama. Ngozi ikapasuka, uji wa kahawia ukanitiririka hadi kwenye kiwiko, na funza wakaniangukia miguuni.

"Dani, imeoza!"

"Nani ameoza?" Hakunitazama. "Amechoka tu. Mchane polepole."

Nikatapika kando ya mkebe. Dani akaninyang'anya kichana, akaendelea kuchana mwenyewe mpaka manyoya yakalala vizuri. Kisha akakipangusa kwa leso, akanivuta katikati ya magoti yake, akaanza kunichana nywele za kuendea kanisani.