Komeo la Upande wa Ndani

Mume wangu ni fundi wa milango. Si seremala wa makabati wala wa vitanda. Yeye ni milango tu, na fremu zake, bawaba, vitasa na makomeo. Ukimpelekea meza iliyovunjika mguu atakutazama kama aliyeletewa mgonjwa asiyemhusu. Mtaani wanamwita Bwana Hodi. Wageni hudhani ni kwa sababu anashinda kwenye milango ya watu. Wenyeji wanajua, au wanadhani wanajua: mtu mzima na mvi zake anabisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe, kwa mke wake mwenyewe. Jirani mmoja alimsikia kupitia dirishani, akalipeleka neno kwa kinyozi, na neno likishafika kwa kinyozi ujue limefika kote.

Mke huyo ni mimi. Nafuma sweta za shule kwa mashine, humo chumbani, karibu na dirisha. Nimechoka kusikia watu wakimsifu mume wangu au wakimcheka kwa jambo wasilolijua. Kwa hiyo nalieleza mara moja, kisha nirudi kwenye sweta zangu.

Mlango wa chumba chetu una komeo, upande wa ndani. Nililiweka mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, saa nne asubuhi, yeye akiwa kazini. Nilitumia bisibisi yake ya zamani. Keekee sikujua kuishika, nikatoboa kwa msumari na nyundo. Skrubu tatu ziliingia, ya nne ikakataa, nikapigilia msumari na kuukunja. Komeo lilikaa upande, kama kofia ya mlevi.

Siku zile alikuwa anapiga maji. Kunipiga hakunipiga, na hilo alilitaja kila mara kana kwamba ni cheti alichotunukiwa. Lakini aliniingilia nitake nisitake. Nikisema hapana, alijifanya hakusikia. Nikilia, alisema nitawaamsha watoto. Leo najua kwamba huko ni kubaka, na nalitamka neno hilo bila kumeza mate. Wakati ule shangazi yangu aliniambia ndiyo ndoa hiyo, mama akanyamaza, na mimi nikanyamaza miaka sita. Watu wakisikia habari ya komeo husema nilipiga moyo konde. Hapana. Nilichoka tu, nikaenda kufungua sanduku lake la vifaa.

Siku alipolikuta alisukuma, akapiga mlango kwa bega, akanitukana matusi yote anayoyajua. Mlango wenyewe alikuwa ameutengeneza yeye, wa mbao ngumu, haukutikisika. Nakiri kwamba nilicheka huku ndani, mkasi mkononi. Akaenda kulala kwenye kochi. Miezi mitatu akalala huko, amenuna, amenisusia chakula, anawaambia ndugu zake kwamba nimeingiwa na wazimu.

Ningependa kusema alibadilika kwa ajili yangu, lakini nitakuwa nadanganya. Kilichombadilisha ni kazi. Mteja mmoja alimwagiza komeo upande wa nje wa chumba cha kulala, la kutia kufuli. Fundi mwenye akili timamu angejiuliza, huyo anayefungiwa humo ni nani? Yeye hakuuliza. Alipima, akatoboa, akaweka komeo safi lisilo na kasoro, akaenda zake. Wiki ya pili majirani wakamwita aje kulitoa. Yule mteja alikuwa ametia kufuli akasafiri, na ndani mlikuwa na mtu. Mwanamke yule alitoka baada ya kufungiwa siku mbili. Hakulia. Alilitazama sanduku la vifaa, akamtazama mume wangu, akasema, "Kumbe ni wewe uliyeliweka. Kazi yako nzuri."

Mchana ule alirudi nyumbani mapema, hajanywa. Alikaa kwenye kochi akiutazama mlango wetu kwa muda mrefu, nilikuwa namchungulia. Kisha akainuka, akasimama mbali kidogo, akasema, "Hodi." Sikumwitikia. Kesho yake akarudia, na kesho kutwa. Ulipita mwaka mzima na zaidi kabla sijamfungulia kwa hiari yangu. Mpaka leo kuna siku nafunga na kuna siku sifungi, na hana ruhusa ya kuuliza kwa nini. Nikiwa nimefunga, analala kwenye kochi, ambalo sasa limebonyea umbo lake lote. Jambo moja tu lilimshinda kuvumilia. Aliwahi kuniuliza, "Nikunyooshee hilo komeo? Linaniumiza macho."

"Liache likuumize," nikamwambia.

Baadaye walikuja watu wa shirika fulani, wakakusanya wanaume wa mtaa kuzungumza habari za ukatili majumbani. Walileta mabango, fulana na soda. Soda zilipokwisha, wengi wakaondoka nazo. Shirika nalo likaondoka, na fulana ndizo mume wangu anazofutia vanishi siku hizi. Lakini yeye aliendelea. Kila Jumamosi saa kumi alasiri wanaume saba au wanane hukaa kwenye mbao karakanani kwake, na yeye huwasimulia habari ya komeo la yule mteja. Anaisimulia ileile, kwa maneno yaleyale, mpaka mimi ninayeleta chai naweza kumsahihisha. La kwangu hakulitaja hata mara moja. Hilo lilikuwa sharti langu. Sikutaka kukatiza sokoni huku wanaume wanane wakijua kilichonipata kitandani.

Msemaji hodari wa baraza hilo alikuwa kinyozi, yuleyule aliyesambaza jina la Bwana Hodi. Ana mdomo kuliko redio. Alikuwa akimshika mteja kidevu, wembe shingoni, akimhubiria kwamba mwanamume hapigi. Nani angebisha akiwa katika hali hiyo?

Alhamisi moja, adhuhuri, nikiwa chumbani nafuma, nimefunga kwa mazoea tu, nikasikia hatua za watu wawili. Kisha sauti ya mume wangu.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi. Niko na kinyozi. Kanunua komeo, anataka nimwekee chumbani kwake, upande wa nje. Anataka liwe tayari kabla ya Jumatatu." "Mama watoto, naomba nimwonyeshe la kwako. Ukikataa, tunarudi karakanani. Nitajua la kumwambia."

Hakuwa na la kumwambia. Nilimsikia sautini kwamba maneno yamemwishia. Miaka kumi na moja nimebeba aibu isiyo yangu, leo nimfungulie kinyozi, kati ya watu wote? Nikaendelea kufuma ule mstari. Lakini Jumatatu niliijua. Jumapili iliyotangulia mke wa kinyozi, binti mpole anayezungumza huku amefunika mdomo, alikuja kunionyesha barua. Alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka hospitalini, aanze Jumatatu saa mbili. Barua alikuwa ameikunja mara nne, na kila alipoifungua aliisoma upya. Sasa asipofika Jumatatu, kazi angepewa mwingine, na yeye angebaki nyuma ya mlango, siku ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

Nikamaliza mstari, nikaenda kufungua. Nililivuta komeo kwa hasira hata likalia.

"Habari za kazi, shemeji," kinyozi akasema.

"Si nzuri. Ingia."

Kinyozi akaingia. Mume wangu alibaki kizingitini, maana sikuwa nimemwambia yeye aingie.

"Hilo hapo," akasema. "Aliliweka mke wangu, kunizuia mimi."

Kinyozi akacheka. "Bwana Hodi na utani wako."

"Si utani."

"Ulikuwa unampiga?"

"Sikumpiga hata siku moja. Nilikuwa najisifia hivyohivyo." Akanitazama. Neno lenyewe aliniachia mimi, na sikumhurumia. Nikalisema mimi. Nililisema kwa sauti ya kawaida, kama ninavyotaja bei ya sweta, na kinyozi akainamia sakafu.

"Shemeji, pole," akasema. "Lakini mimi si hivyo. Mlisema tusipige, sipigi. Muulizeni mwenyewe. Nataka atulie tu. Huko hospitalini kuna madaktari, kuna madereva, kuna kila aina ya watu. Nani atamlinda?"

"Alikuambia kwamba anataka kwenda kazini?" nikamuuliza.

"Aliniambia."

"Ukamjibu nini?"

Akafikiri. Mkononi alikuwa bado ameshika lile komeo, jipya, ndani ya karatasi ya duka. "Nilikwenda kununua hili," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata yeye mwenyewe ndipo alipojisikia. Nikaketi kwenye kiti changu cha kufumia, nikamwambia nililokuwa sijamwambia mtu.

"Ukimfungia, atajifunza jambo moja tu: kusikiliza hatua zako. Mimi hatua za huyu nazijua mpaka leo. Akivua viatu najua. Akisimama hapo nje najua amesimama wapi. Miaka yote hii hajanigusa bila mimi kutaka, nami nashukuru, lakini akipita mlangoni bado nyama za mgongo zinanishika. Mimi nimekwisha kumsamehe mara kadhaa. Mgongo wangu haujamsamehe."

Hilo mume wangu hakuwa amewahi kulisikia. Nilikuwa namwambia kinyozi, lakini nilimwona yule wa mlangoni akiegemea fremu kama mtu aliyetwishwa gunia ghafla. Nilimwonea uchungu, na sikulifuta neno langu.

Kinyozi akamgeukia. "Kwa hiyo hofu hiyo haiishi?"

"Kwangu haijaisha," mume wangu akasema. "Sijui kama huwa inaisha. Mimi nabisha hodi tu."

Kinyozi akaliweka komeo lake juu ya mashine yangu, na karatasi yake, akaniaga bila kuniangalia. Hakuahidi kitu. Alisema ataona.

Nilikaa roho juu siku tatu. Makomeo yanauzwa kila duka, na mafundi wasiouliza ni wengi. Jumamosi, kabla ya mume wangu kutoka, nikamwambia, "Leo waambie la kwangu. Usijipambe." Nilipopeleka chai niliwakuta wanaume saba wazima wakitazama vumbi la mbao. Kinyozi alikuwa mwisho kabisa, karibu na mlango. Alikuwa amekuja lakini hakufungua mdomo. Mmoja alipokea kikombe akaniambia, "Pole, mama." Niliitikia. Haikuwa mbaya kama nilivyoogopa, wala haikuwa nzuri.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa dirishani. Saa moja na nusu ikafika. Nikafuma mstari, nikafumua, nilikuwa nimekosea. Ndipo nikamwona binti anatoka kwao, amevaa sweta niliyomfumia, barua mkononi, anatembea haraka bila kugeuka. Kinyozi alikuwa amesimama pembeni ya mlango wake, mikono ameikunja, uso umekunjamana. Alikuwa amekasirika waziwazi. Lakini alisimama pembeni, na mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Sitasema amebadilika. Wiki ijayo anaweza kuamka na wazo jingine, na mume wangu itambidi amwite tena, aseme yaleyale, na mimi nipeleke chai. Kazi hii haina siku ya kukabidhi mzigo kwa mteja. Lakini siku ile binti alifika kazini.

Alasiri nikaona kwamba ule msumari wangu niliokuwa nimeukunja umechomoka nusu. Ni siku ile nilipovuta kwa hasira. Nikaugusa kwa kidole, ukaanguka sakafuni. Nilikaa nikiutazama, kisha nikaita.

"Baba watoto. Njoo na bisibisi."

Alikuja na sanduku zima. Akasimama kizingitini.

"Ingia," nikasema.

Alilitazama komeo, akanitazama. "Nilinyooshe?"

"Usilinyooshe. Likaze tu."

Akatoboa lile tundu upya kwa keekee, akatia skrubu ndefu, nzuri, akaikaza. Zile tatu za zamani nazo akazikaza. Akalifuta vumbi kwa kipande cha fulana. Lilikuwa bado limekaa upande, na najua jinsi lilivyomwasha vidole kuliacha hivyo. Kisha akatoka nje ya chumba, akauvuta mlango nyuma yake.

"Funga," akasema kutoka nje.

Nikafunga.

Akasukuma kwa mkono. Kisha akasukuma kwa bega, kwa nguvu zake zote. Tangu siku ile ya kwanza hakuwa ameugusa mlango ule hivyo, na mgongo wangu ukashika mara moja. Lakini sikuutafuta mkasi. Nilisimama nikilitazama komeo, na halikusogea.

"Limeshika," alisema. Kisha nikamsikia akirudisha bisibisi sandukuni, na kwenda kuketi kwenye kochi.