Tulipomhubiria Mama Shija Shambani

Mwanangu, tangu jana nakusikia ukilalamika kwamba watu wa Kharumwa wana mioyo migumu. Mmekwenda na spika yenu mpaka kwenye maduara ya wachimba dhahabu, mkasimama mdomoni mwa shimo, mkamkuta kijana wa watu ananing'inia kwenye kamba anashuka, nanyi mkamuuliza, "Ukifa leo utakwenda wapi?" Hivi nyinyi mna akili kweli? Mtu yuko kwenye kamba! Ningekuwa mimi, ningepanda kwanza nije kukuchapa, ndipo niendelee kushuka.

Halafu mnarudi hapa kwangu Kambarage mmenuna, mnakunywa chai yangu, mnasema mmekataliwa kwa ajili ya Jina la Yesu. Kwa ajili ya Jina, au kwa ajili ya ujinga? Kaa hapo unisikilize. Shule yangu iliishia darasa la pili, lakini macho yangu hayakuishia huko.

Nakumbuka siku moja ya palizi, haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa binti, ndiyo kwanza nimebatizwa. Tulikaa kijijini upande wa Tinde, Waingereza bado wanatawala. Kwetu palizi ilifanywa kwa ngoma. Vijana walijipanga mstari, mpiga ngoma mbele yao, wakaingia shambani kwa mtu asubuhi na kutoka jua limegeuka, na mwenye shamba akawapa pombe ya mtama. Sisi wa dini tukajitenga. Ngoma ile ya mizimu, tukasema, na pombe ni dhambi. Haya, sawa. Lakini tulipoiacha ngoma tukaliacha na shamba la jirani, na hakuna padri wala mwalimu aliyetuagiza hivyo. Ulikuwa uvivu tu, tukauvika kanzu.

Sasa, alikuwapo mjane mmoja, Mama Shija. Mumewe alikuwa amekufa kiangazi kilichotangulia, akamwachia watoto wadogo na shamba la mtama. Mtama wa kupikia pombe hakuwa nao, kwa hiyo vijana wa ngoma hawakufika kwake. Na mwaka ule kiduha kilikuwa kimeota vibaya, yale magugu yenye maua ya zambarau yanayonyonya mtama kutoka mizizini. Shemeji yake alikuwa anangoja tu. Mtama ukiharibika, mama yule angehamia kwa shemeji na wanawe, arithiwe kama mbuzi. Kijiji kizima kilijua. Yeye alikuwa analima peke yake, mtoto mgongoni, anakimbizana na kiduha.

Siku hiyo ndipo kaka yangu Petro alipoamua kumpelekea Injili. Alikuwa ametoka shule ya misheni, ana viatu, na viatu vile alivitembeza kuliko vilivyomtembeza yeye. Akanichukua nikamwimbie wimbo. Tukamkuta Mama Shija ameinama.

"Mwangaluka, mayu," akasema Petro, akimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba," akajibu mama, jembe halikusimama.

Petro akapanda juu ya tuta, akafungua kitabu, akaanza kumsomea kwa Kiswahili. Kiswahili! Mama yule Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Akasoma, akasoma, akafika kwenye moto wa milele. Mama Shija akainua uso, jasho linamtiririka, akasema kwa Kisukuma, "Baba, sogea kidogo. Umekanyaga mtama wangu."

Wallahi, nusura nicheke. (Usinitazame hivyo, kiapo hicho nilikipata kwa jirani zangu Waislamu na kimenikaa mdomoni.)

Petro akarudi nyumbani amevimba. Akamkuta mwalimu wetu wa dini, mzee Yakobo, Msumbwa aliyehamia kwetu, anaongea na baba. Akamwambia, "Mwalimu, yule mama ana moyo mgumu sana."

Mzee akamtazama viatu. "Moyo mgumu, au udongo mgumu? Uliushika mpini ukajua?"

"Mimi nilikwenda kuhubiri, mwalimu."

"Ulikwenda kuhesabiwa kwamba umehubiri. Mgeni siku mbili, siku ya tatu hupewa jembe. Wewe si mgeni, umezaliwa jirani naye, na jembe hujalishika tangu mumewe azikwe. Kesho uvue hivyo viatu."

Kesho yake mzee alitukusanya vijana wote wa dini, tukaingia shamba la Mama Shija. Hatukuwa na ngoma, tukaimba nyimbo za kanisani tukizipigia kwa majembe. Mwanzo zilikwenda kombo, maana nyimbo zile zilitungwa na watu waliokaa vitini. Tukazikaza mpaka zikakubali jembe. Petro mikono ikamtoka malengelenge, akaendelea kulima. Tukarudi tena na tena mpaka kiduha kikaisha na mtama ukapumua.

Siku tulipomaliza, mama akatupikia matobolwa, vile viazi vya kukausha, na karanga. Tukala, tukanawa, tukashukuru, tukabeba majembe twende zetu. Tulijiona wema sana! Na mzee alikuwa amemkemea Petro juu ya kuhubiri ovyo, basi tukaona dawa ni kufunga midomo kabisa.

Ndipo Mama Shija akawaka. "Mnakwenda wapi? Siku ile, Petro, ulinisomea mpaka masikio yakauma, sina nafasi. Leo nimekaa, nimekupa masikio yote mawili, unaondoka kama bubu? Mlikuja kulima tu? Basi mngekuja na ngoma, ingenichangamsha!"

Tukatua majembe. Mama akashusha sauti. "Nina neno moja. Baba Shija amekufa hajalisikia jina la huyo Yesu wenu. Yuko wapi?"

Nikamwangalia mzee Yakobo. Mzee akamwangalia Petro, hakumsaidia. Na Petro, yule aliyejua moto wa milele kwa mistari, akamgeukia mama.

"Sijui, mayu," akasema, safari hii kwa Kisukuma. "Hilo sijui. Ninayemjua ni yule atakayemhukumu, naye hamwonei mtu."

Mama akasogeza kigoda. "Kaa. Anayekubali kwamba hajui, naweza kumsikiliza kwa yale anayoyajua."

Wakaongea mpaka ng'ombe wakarudi. Mtama wake alivuna, shemeji akabaki anatazama. Ubatizo aliupokea baadaye sana, kwa wakati wake mwenyewe, baada ya maswali yaliyomchosha hata mzee Yakobo.

Sasa sikia, mwanangu, maana nimechoka kusema. Mkono mtupu haulambwi, lakini hata uliojaa, ukiukunja hakuna atakayejua una nini. Wenzako wengine siku hizi wananiambia, "Bibi, sisi tunahubiri kwa matendo." Vizuri, ila mdomo mlipewa wa kulia ugali tu? Na wewe wa spika, ukirudi Kharumwa iache hapa. Wavutie kamba. Wachotee maji akina mama wanaoponda mawe juani. Ujue mtu anaitwa nani na mtoto wake anaumwa nini. Akikuuliza, sema uliyoyaona kwa Mungu, kwa lugha anayoiota. Usilolijua, sema hujui, hutakufa. Lakini akikuuliza usikae kimya, maana kumnyima mwenye njaa chakula ulichopewa bure ni uchoyo, hata ukiuita upole.

Haya, inuka. Mungu aliyewapa baba zako mvua akupe masikio kabla ya mdomo. Akupe mikono isiyoogopa malengelenge, na ulimi usioona haya kulitaja jina lake. Wale utakaowaendea wakuone unakuja, wafurahi. Amina.